Kusimba si Kufumba: Tahakiki ya Istilahi za Kutuma Mafaili Barazani

Miongoni mwa orodha za istilahi za kompyuta zilizoletwa kwetu ili zichunguzwe kabla ya kufikiriwa usanifishaji wake, imo moja fupi sana, yenye maneno yapatayo ishirini, inayohusu kazi moja tu: namna ya kuandika programu ndogo kwa lugha ya Python ili kulituma faili la picha, la sauti au la programu katika makundi ya majadiliano ya Usenet. Huenda msomaji akauliza kwa nini kurasa za jarida hili zitumiwe kwa jambo dogo kiasi hicho, tena jambo ambalo watu wengi wamekwisha kuliacha. Jibu letu ni kwamba orodha hiyo, pamoja na udogo wake, imebeba kasoro moja iliyoenea katika istilahi zetu za kompyuta kwa jumla, na kasoro yenyewe si ya lugha peke yake. Yaweza kumfanya mtu aiache siri yake wazi huku akiamini kwamba ameifungia.

Mtungaji wa orodha hatutamtaja, maana maneno mengi aliyoyatumia hakuyabuni yeye. Aliyakuta yakizunguka katika madarasa, katika vijitabu vya mafunzo na katika programu zilizotafsiriwa. Tangu mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili, istilahi za kompyuta zimetoka katika madaftari ya wanaisimu zikaingia katika vioo vya mashine. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini neno likishakaa katika kioo halibishaniwi tena, hubonyezwa tu. Kwa hiyo wakati wa kubishana nalo ni kabla.

Tuliichukua orodha hiyo hadi Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufundisha somo la informatiki katika Kampasi yake ya Solomon Mahlangu. Nia yetu ilikuwa kuyasikia maneno yakitamkwa na vijana watakaoyatumia, wala si kuyasoma mezani tu. Wengi wa wasomaji wetu wanaijua historia ya mahali hapo: palikuwa shamba la mkonge, ambalo Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC mwaka 1977. Mwaka uliofuata shule yao ikaanza, na baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu huko Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yote yalikabidhiwa kwa Tanzania. Tunaitaja historia hii kwa sababu tutaihitaji mbele, pale tutakapofika kwenye neno lenye mgogoro mkubwa kuliko yote.

Kabla ya kulipima jina, yafaa tukielewe kinachotajwa. Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ikaanza kutumika kwa wote mwaka 1980. Haikuwa na makao makuu. Ujumbe ulioandikwa katika seva moja ulinakiliwa hadi seva ya jirani, na ya jirani ikaupeleka kwa nyingine, mpaka ukaenea. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maandishi, tena maandishi ya Kiingereza: alama 128 tu, yaani herufi, tarakimu, vituo na ishara chache za kuiongoza mashine. Picha haikai hivyo. Faili la picha ni mfululizo wa baiti, na kila baiti yaweza kuwa na thamani yoyote kati ya 256. Ukiimimina picha kama ilivyo katika njia ya herufi, nusu ya thamani zake hazina mahali pa kupita, na nyingine zitafahamika njiani kama amri za kumaliza mstari au kufunga ujumbe.

Dawa iliyopatikana ni kuzigeuza baiti ziwe herufi. Mwaka 1980, Mary Ann Horton, akiwa Berkeley, aliandika programu ya uuencode kwa kazi hiyo. Mwaka 1992 ikaja kanuni ya MIME pamoja na mtindo wa Base64. Na mwaka 2001 ukatokea mtindo wa yEnc, uliojengwa kwa ajili ya Usenet hasa. Tuueleze ule wa kati, kwa kuwa ndio ulioenea zaidi. Baiti tatu zina biti 24. Biti hizo hugawanywa katika mafungu manne ya biti sita sita, na kila fungu huandikwa kwa alama moja kati ya alama 64: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama ya kujumlisha na mkwaju. Basi baiti tatu huwa herufi nne, na mzigo huongezeka kwa thuluthi moja. Faili la baiti 600,000 litafika likiwa herufi 800,000, bila kuhesabu alama za kumaliza mistari.

Programu ndogo ya Python hufanya yafuatayo. Hulifungua faili na kulisoma kama baiti. Hulikata vipande iwapo ni kubwa. Hukigeuza kila kipande kuwa herufi. Hukiandikia mistari ya juu inayotaja mwandishi, kundi linalokusudiwa na mada, ambamo huonyeshwa kwamba hiki ni kipande cha tatu, tuseme, kati ya vitano. Kisha hugonga mlango wa seva, kwa desturi mlango nambari 119, au 563 ikiwa mazungumzo yenyewe yatalindwa. Hutamka neno la amri. Seva ikiwa radhi hujibu 340. Ujumbe husomwa mstari kwa mstari hadi mwisho. Na seva hujibu 240, maana yake umepokewa. Zamani Python ilikuja na maktaba yake ya kuongea na seva za namna hii, lakini maktaba hiyo iliondolewa katika toleo la 3.13 la Oktoba 2024, miezi michache baada ya Google kuufunga mlango wake wa Usenet mnamo Februari mwaka huohuo. Seva ya Duke yenyewe, mahali lilikozaliwa jambo hili, ilizimwa mwaka 2010. Seva nyingine zingaliko, na mwanafunzi anayetaka kujifunza aweza kuyaandika mazungumzo hayo mwenyewe.

Isidhaniwe kwa hayo kwamba tunavisha nguo maiti. Barua pepe inayobeba picha au fomu leo hii aghalabu hubebwa kwa Base64 ileile. Mtumishi wa halmashauri anayetuma bajeti ya kata kwa barua pepe anafanya kazi hii kila siku bila kuiona. Anayeandika programu ya kutuma faili Usenet huiona yote, hatua kwa hatua, na ndiyo maana walimu wengine hulipenda zoezi hili. Kwa sababu hiyohiyo maneno ya zoezi hili yana uzito: ni hapa mwanafunzi anapojifunza jina la kila hatua, na jina hilo ataondoka nalo.

Tuanze na yaliyo mepesi. Orodha inaliita kundi la Usenet "kundi la habari". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na imebeba kosa la Kiingereza chenyewe, kwani mambo yaliyomo katika makundi hayo kwa sehemu kubwa si habari. Ni maswali, majibu, mabishano, mizaha na ugomvi. Kwa Mswahili, habari huletwa na mjumbe au husomwa redioni. Mahali ambapo kila mpita njia aweza kuketi, akasikiliza yaliyosemwa kabla yake na akaongeza lake, tunapo na tunapajua jina tangu kale. Ni barazani. Walioipinga rai yetu walisema kwamba baraza siku hizi ni chombo chenye wajumbe na mwenyekiti, kama Baraza la Mawaziri, au kama Baraza hili la Kiswahili linalotuajiri. Ni kweli, lakini ile baraza ya mbele ya nyumba haijafa, na muktadha huzitenganisha bila taabu. Tunapendekeza "baraza", na pale panapohitajika ufafanuzi, "baraza la Usenet".

"Hati" kwa maana ya programu ndogo hatuikubali. Hati ni maandishi yenye nguvu ya ushahidi, mathalani hati ya nyumba. Na hati ni mwandiko wa mtu. Kuongeza maana ya tatu hapakuwa na haja, maadamu "programu ndogo" inaeleweka na "skripti" imekwisha kuzoeleka. Tuendelee.

"Kuchapisha faili" ilituletea kichekesho. Mwanafunzi aliyepewa sentensi "chapisha faili katika kundi" aliuliza printa iko wapi. Hakukosea hata kidogo. Katika kompyuta zetu kuchapisha kumekwisha kuwa kutoa nakala ya karatasi. Tulivutwa na "kubandika", kwa kuwa tangazo hubandikwa ubaoni na kila mtu akalisoma, lakini neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine katika kompyuta, la kunakili hapa na kubandika pale, nalo linaifanya vizuri. Kulinyang'anya kazi sasa ni kuleta vurugu. Kwa hiyo katika maandishi rasmi tunaridhika na "kutuma barazani". Wale wasemao "kuposti" hatuna ugomvi nao. Posta ni neno letu la siku nyingi, na waliotangulia waliposti barua kabla sisi hatujazaliwa.

Kuhusu "kiambatisho" tumekuwa na mawazo mawili, na tunapenda msomaji ayaone yote mawili. Kwa mwenye kupokea barua, hili ni neno zuri kabisa. Limetoka ofisini, ambako karatasi iliyotajwa katika barua huambatishwa nyuma yake kwa pini, nalo linanyambulika kwa urahisi: ambatisha, ambatishwa, kiambatisho. Tunalichagua badala ya "kiambatanisho", ambalo ni refu na linadokeza kwamba vitu viwili vinaambatana kwa usawa. Lakini kwa mwandishi wa programu neno hili lina hila. Hakuna karatasi ya pili. Picha imegeuzwa maandishi na kumiminwa ndani ya barua ileile, chini ya maneno ya mwandishi, na ni programu ya msomaji tu inayoichota na kumwonyesha kana kwamba ilibanwa kwa pini. Tulipomwonyesha mwanafunzi mmoja ujumbe wa namna hiyo kama unavyosafiri, alitazama ile mistari ya herufi zisizosomeka akasema, "Mwalimu, hii barua imeharibika. Kiambatisho kiko wapi?" Alikuwa akikitazama. Tunapendekeza neno libaki, na mwalimu aonyeshe ujumbe mzima angalau mara moja kabla ya kulitumia.

Istilahi nyingine ni "faili jozi", iliyokusudiwa kutaja faili lisilo la maandishi. Jozi ni viwili vinavyokwenda pamoja, kama viatu. Tulimwuliza kijana mmoja faili jozi ni faili gani, naye akajibu bila kusita kwamba ni mafaili mawili yanayotegemeana, moja likipotea la pili halifai kitu. Jibu hilo ni sahihi kwa mujibu wa Kiswahili na ni kosa kwa mujibu wa somo, na istilahi inayozaa majibu ya namna hiyo haifai. Watetezi wake husema kwamba jozi hapa ni ile sifuri na moja. Lakini hata barua ya mapenzi ikiwekwa katika kompyuta ni sifuri na moja! Tofauti inayotakiwa ni nyingine: faili hili lasomwa kama herufi, lile lasomwa kama baiti. Lugha ya Python yenyewe tangu toleo lake la tatu, la mwaka 2008, imezitenga aina hizo mbili kwa ukali, na haimruhusu mtu kuzichanganya bila kusema wazi anataka nini. Basi tuseme "faili la maandishi" na "faili la baiti". Maneno haya hayana uzuri wa pekee, lakini hayamdanganyi mtu.

Sasa tufike kwenye kiini. Ile kazi ya kuzigeuza baiti kuwa herufi, orodha inaiita "kusimba", na kinyume chake "kusimbua". Maneno haya tunayakubali. Yametokana na "msimbo", ambalo limekwisha kukubalika, nayo yanafuata utaratibu wa lugha yetu wenye manufaa makubwa katika fani hii, kwamba kitenzi cha kufanya huzaa kitenzi cha kufanyua kwa kubadili sauti chache tu: funga na fungua, bandika na bandua, pakia na pakua. (Vijana wa Mazimbu walicheka kidogo kwa kumsikia simba akiingia katika kompyuta, lakini kicheko hicho huisha siku ya kwanza.) Taabu inaanza mistari saba chini yake, ambapo orodha inatumia "kusimba" hilohilo kwa kazi ya kuuficha ujumbe ili asiusome asiyehusika. Katika sehemu moja limeongezwa neno "fiche", ikawa "usimbaji fiche". Katika sehemu nyingine mbili halikuongezwa. Mtungaji hakuwa mzembe. Amefanya kama wanavyofanya wasemaji wote wanapopewa istilahi ya maneno mawili: wameliangusha la pili.

Kazi hizi mbili ni tofauti kama kufunga mzigo na kufunga mlango. Anayesimba kwa Base64 hafichi chochote. Kanuni yake ni ya wazi, imechapishwa, iko katika kila kompyuta, na mtu yeyote akiziona zile herufi huzirudisha kuwa picha kwa amri moja. Hakuna ufunguo. Anayeficha, kwa upande mwingine, hutumia ufunguo, na asiye na ufunguo huo hata akiijua kanuni yote hapati kitu. Ya kwanza ni kwa ajili ya njia, ili mzigo upite. Ya pili ni kwa ajili ya watu, ili asiyestahili asione. Lakini kwa macho zote mbili hutoa kitu kinachofanana, mistari ya herufi zisizo na maana, na hapo ndipo jina linapopaswa kufanya kazi ambayo jicho haliwezi.

Madhara yake tumeyaona. Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, mtunza kumbukumbu alitakiwa kuwapelekea wenzake maneno ya siri ya kuingilia katika mfumo wa mishahara. Alikuwa amesoma katika kijitabu cha mafunzo kwamba data za siri "lazima zisimbwe kabla ya kutumwa". Akazisimba, kwa Base64, akazituma kwa watu wengi na kulala usingizi mzuri. Alifuata alichofundishwa kwa uaminifu; kilichomwangusha ni neno moja lililopewa kazi mbili. Kijana wa informatiki aliyepewa ujumbe ule auangalie alizisoma siri zote kabla chai haijapoa.

Hapa ndipo historia ya Mazimbu inapotufaa. Katika miaka ambayo watoto wa wapigania uhuru walikuwa wakisoma katika madarasa haya, chama chao cha ANC kilianza kutekeleza, mwaka 1988, mpango wa siri ulioitwa Vula, ambao viongozi wake kama Mac Maharaj waliingia Afrika Kusini kisirisiri. Njia ya mawasiliano iliandaliwa London na Tim Jenkin, ambaye mwaka 1979 alikuwa ametoroka gereza la Pretoria, akishirikiana na Ronnie Press. Ujumbe kutoka ndani ya nchi ulifika London na kupelekwa kwa uongozi huko Lusaka. Mjumbe aliandika ujumbe wake katika kompyuta ndogo. Kompyuta ikauchanganya na mfululizo wa namba za nasibu uliokuwa katika diski, mfululizo ambao nakala yake ilikuwa kwa mpokeaji peke yake. Sehemu iliyokwisha kutumika haikutumika tena. Hatua hiyo ikiisha, matokeo yake yaligeuzwa kuwa milio, milio ikarekodiwa katika kaseti, na kaseti ikachezwa katika mdomo wa simu ya barabarani. Upande wa pili mashine iliipokea milio, ikaigeuza kuwa baiti, na namba za nasibu zikaufungua ujumbe.

Msomaji ataona kwamba hapo pana hatua mbili. Namba za nasibu zilikuwa kwa ajili ya polisi. Milio ilikuwa kwa ajili ya simu. Simu hupitisha sauti tu, kama Usenet ilivyopitisha herufi tu, na mzigo hauna budi kuvaa vazi la njia. Laiti watu hao wangetumia hatua ya milio peke yake, wakiamini kwamba kelele zile zisizoeleweka na sikio zinatosha kuficha, mtu yeyote mwenye modemu ya aina ile angeyasoma yote, na wengi wangekamatwa. Katika lugha yoyote waliyosemeshana, hawakuthubutu kuzipa hatua hizo mbili jina moja.

Na Kiswahili hakina sababu ya kufanya hivyo, kwani neno la pili tunalo, tena zuri kuliko la kubuni. Ni "kufumba". Wapo waliokwisha kulitumia katika kompyuta, na tunawaunga mkono. Aliyefumba amesema maneno mbele ya wote, kila sikio limeyasikia, lakini maana imebaki kwa mwenye kujua. Washairi wetu wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, na wanawake wa pwani huifanya kwa khanga hadi leo. Hivyo ndivyo ujumbe wenye ufunguo ulivyo: unapita hadharani, unaonwa na kila seva, wala haueleweki. Kinyume chake ni "kufumbua", ambako hakuhitaji kufundishwa. Nomino zake, "ufumbaji" na "ufumbuaji", zinatungika bila kulazimishwa. Pingamizi moja lililoletwa ni kwamba kufumba ni kufumba macho pia, au mkono. Hatuoni madhara. Mkono uliofumbwa ni mkono unaoficha kilichomo.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo ni kwamba "usimbaji fiche" limekwisha kuingia katika baadhi ya programu zinazotumiwa na watu wengi, na kulibadili ni kuleta istilahi mbili kwa kitu kimoja, dhambi ambayo sisi maofisa wa istilahi huwahubiria wengine kila siku. Tunakiri uzito wake. Lakini istilahi mbili kwa kitu kimoja humchosha mtu. Istilahi moja kwa vitu viwili humwangusha. Ikiwa hatuna budi kuchagua, tutachagua uchovu.

Tulilijaribu pendekezo hilo darasani kwa njia nyepesi. Hatukueleza kanuni yoyote. Tuliwauliza tu wanafunzi: ikiwa ujumbe umesimbwa, nani aweza kuusimbua? Na ikiwa umefumbwa, nani aweza kuufumbua? Kwa swali la kwanza walijibu, mwenye kuijua kanuni. Kwa la pili walijibu, mwenye kujua siri. Jaribio letu halikuwa la kisayansi, wala hatudai hivyo, lakini mwalimu wa somo lile aliyekuwa ameketi nyuma aliyaandika maneno hayo mawili katika daftari lake.

Yapo maneno machache yaliyosalia ambayo hatukuyamaliza. Vipande vya faili kubwa orodha inaviita "mafungu". Neno hili lingependeza Morogoro, ambako mboga na ndizi huteremshwa kutoka milima ya Uluguru, zikafika sokoni na kupangwa mafungu. Lakini fungu la nyanya ni kamili peke yake. Mnunuzi huondoka nalo asidai mengine. Kipande cha faili hakifai kitu bila wenzake, na kikikosekana kimoja picha nzima haifunguki. "Kipande" kibaki. Kwa mafaili mengi yaliyokazwa pamoja kuwa moja kabla ya kusafirishwa, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge alitupa neno "robota", na tumelipenda, ingawa tunajua kwamba vijana wengi hawajapata kuliona robota la mkonge.

Mwisho kuna ile nukta. Seva hujua kwamba ujumbe umekwisha inapoona mstari wenye nukta moja peke yake. Na ili mstari wa kawaida unaoanza kwa nukta usidhaniwe kuwa ndio mwisho, programu huuongezea nukta ya pili mbele, ambayo huondolewa na upande unaopokea. Orodha haikuwa na jina kwa lolote kati ya hayo mawili. Kwa ile ya mwisho tumeandika "nukta ya kufunga", na kwa ile inayoongezwa "nukta kinga", na yote mawili tumeyapeleka kwa kamati pamoja na mengine.